Mstari wa Mzee Kuliko

Zamani mtu akisema shati lake ni zuri zaidi, aliulizwa: zaidi ya lipi? Siku hizi kila kitu ni bora zaidi, kuanzia sabuni hadi maji ya chupa, na hakuna anayeuliza. Amebaki mmoja tu wa kuuliza, na kwa kosa hilo watu wakambandika jina: Mzee Kuliko.

Alifundisha Kiingereza jioni, katika chumba cha nyuma cha duka la mdogo wake, fundi cherehani. Lugha hiyo alijisomea mwenyewe, bila mtu kumshika mkono. Hakuwa na vyeti vya kutundika. Alikuwa na ubao, chaki na mstari. Wanafunzi walisimama ukutani kwa urefu: wakilinganishwa wawili, Kiingereza kina neno lao; wakifika watatu, neno linabadilika. Kisha walitaja wanavyovipenda, na maneno yote sharti yavae sare.

"Unapenda kushona, kufua na uji?" alikuwa akifoka. "Huo uji umeingiaje kwenye mstari wa wenzake wanaofanya kazi?"

Halafu zikaja simu zinazomfundisha mtu akiwa amelala chali. Wanafunzi, kwa kiu yao kubwa ya elimu, wakaenda kulala chali.

"Kaka," fundi alimwambia, "nimepata mashine mpya. Leo wakija wanafunzi watatu, chumba ni chako. Wasipotimia, naiingiza."

Akaja mmoja: dada anayedeki zahanati, mwenye usaili wa Kiingereza kesho yake, wa kwenda kusomea uuguzi.

Mzee Kuliko hakutetereka. Alimvuta fundi na futi yake shingoni, akamvuta na mteja mmoja mrefu, akawapanga ukutani pamoja na dada.

"Shikamoo mzee. Mimi nimefuata suruali tu," mteja akalalama.

"Marahaba. Simama wima, wewe ndiye mrefu kuliko wote."

"Na mimi?" fundi akauliza.

"Mfupi kuliko wote. Tangu utotoni."

Wakacheka. Fundi akajikuta akirudia maneno ya Kiingereza, akikosea kwa bidii ya kupendeza. Mwishowe akajikuna kichwa. "Haya, kaka, watatu hao. Yasije yakawa maneno. Chumba chako."

Hapo mtu mwenye akili za siku hizi angefuta ubao akaenda zake. Mzee Kuliko akamgeukia dada. "Nipe mfano wa mstari usio na sare."

Dada akawatazama wenzake ukutani. "Mwanafunzi, fundi, na aliyefuata suruali."

Fundi akamtazama kaka yake. Kaka akaitazama chaki. Angeweza kusema "umekosea" na kubaki na chumba. Lakini dada angeubeba uongo huo mpaka kwenye usaili.

"Sahihi," akasema. "Mwanafunzi ni mmoja. Ingiza mashine yako."

Alipoutungua ubao, dada alimshikia upande wa pili.

"Mwalimu, wewe unafundisha vizuri zaidi."

"Kuliko nani?"

Dada akafikiri. "Kuliko simu."

"Mtu na kitu mstari mmoja! Kesho ukiwaambia hivyo, watakurudisha kwenye ndoo yako. Rudia!"

"Unafundisha vizuri kuliko simu inavyofundisha."

"Ehee, hapo sawa," akasema Mzee Kuliko, akasogea pembeni na ubao wake ili mashine ipite.