Tundu Lisilo na Kitambaa

Sijawahi kumwona mtu anayeogopa panya kama Bi Matundu, na kazi yake ilikuwa panya.

Sisi tunafanya kazi kwenye ua wa kulaza magari. Ni uwanja mkubwa uliozungushiwa wavu, nje kidogo ya mji, na nyuma yake kuna shamba la nafaka. Watu wenye nafasi huleta humo magari-nyumba yao, yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, yakae mpaka msimu wao wa safari urudi. Mimi ni fundi. Yeye alikuwa mtunzaji. Mimi nilihakikisha gari litawaka, na yeye alihakikisha halijageuka wodi ya wazazi ya panya.

Wala usicheke. Shamba likishavunwa, panya wote wa humo wanatafuta pa kuhamia, na gari lililokaa miezi bila mtu kwao ni hoteli. Panya anapita kwenye tundu ambalo wewe huwezi kupitisha kidole gumba. Anachana godoro, anazaa ndani ya njia ya hewa, anatafuna nyaya mpaka shaba inang'aa. Nimewahi kufungua dashibodi ya gari lililokuwa liondoke siku ileile na watoto ndani, nikakuta nyaya mbili uchi zinakaribia kubusiana. Nilikaa chini nikaomba maji ya kunywa.

Jina la Bi Matundu nilimpa mimi, likamganda. Alikuwa akitoa ndani ya gari kila kitu chenye harufu, hata sabuni, hata dawa ya meno. Droo anaziacha wazi, magodoro anayasimamisha ukutani. Kisha anatandika mkeka chini ya gari, analala chali na tochi, anatafuta kila mahali ambapo bomba au waya umetoboa sakafu. Akilipata tundu analishindilia nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, kwa sababu panya hapendi kutafuna chuma. Zamani alijaribu mafuta ya mnanaa. Panya wetu walibaki palepale, wananukia.

Yote hayo aliyafanya huku akitetemeka. Kabla ya kuingia chini ya gari alifunga suruali kwa kamba vifundoni, akavaa mabuti, akagonga bodi kwa sufuria kuukuu, akapiga kelele, "Nakuja! Tokeni!" kama anayefukuza wezi. Mitego aliitega mwenyewe, lakini ikishika, kazi yangu. "Fundi," ataniita akiwa ameshafika getini, "njoo uniondolee mgeni." Nikimcheka ananuna siku nzima, na chai ya siku hiyo ninakunywa bila sukari.

Alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao hata mimi, mtu wa kubisha, niliuheshimu. Kuna matundu ya gari ambayo ukiyaziba lazima uyazibue kabla ya safari: ya nyuma ya friji, ya kuingiza hewa, ya kutoa maji. Kila alipoziba tundu la namna hiyo alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Siku ya gari kuondoka anazibua tundu, anafungua kitambaa kimoja, anarudi tena, mpaka usukani unabaki mtupu. Usukani wenye kitambaa, gari haliondoki, hata mwenye gari awe waziri.

Bomba la moshi wa hita ndilo pekee ambalo hakuliziba kabisa. Hita ya magari haya inachoma gesi, na moshi wake unatokea ubavuni kwa bomba. Ukiziba, moshi unarudi ndani walikolala watu, na moshi wenyewe hauna harufu. Unalala, huamki. "Hilo sigusi," alisema. Alilivalisha kofia ya wavu tu, na kofia akaivua siku ya safari.

Kati ya magari yote, alilolitunza kama mboni ya jicho ni la Mzee Mabasi. Tulimwita hivyo kwa sababu enzi zake alikuwa na mabasi. Mkewe miguu ilikuwa imechoka, daktari alisema hewa ya mlimani inamfaa, na muuguzi aliyesafiri nao kumhudumia alikuwa binti wa Bi Matundu mwenyewe. Mtoto wake wa pekee. Kwa hiyo utaelewa ni kwa nini gari lile lilikaguliwa kuliko ndege.

Siku waliyoondoka niliwaona kwa macho yangu. Usukani ulikuwa mtupu. Bi mkubwa, mke wa mzee, alipakiwa na kiti chake cha magurudumu, Mzee Mabasi akafoka kuhusu mto uliosahaulika, mama na binti wakakumbatiana getini kama watu wasioonana tena. Nikawaambia waache sinema, wanakwenda mlimani, si vitani.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mvua ya baridi. Bi Matundu alikuja karakana kuota moto kwangu, akakaa juu ya tairi na kikombe cha chai. Nikasema, kwa kupiga soga tu, "Kama hapa tunatetemeka hivi, huko juu itakuwaje? Mwanao atakuwa ameacha hita ikiwaka mpaka asubuhi."

Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Fundi," akasema.

"Nini?"

"Nimeziba."

Sikuelewa. Nikamwambia usukani nimeuona mwenyewe, haukuwa na kitu. Akatikisa kichwa, chai ikimwagika magotini na hata haisikii. Maneno yalimtoka vipande vipande. Alikuwa amemaliza kila kitu, amefungua vitambaa vyote, amevua kofia ya bomba. Akaenda kunawa mikono. Aliporudi akaona mkia. Mkia tu, unaingia ndani ya bomba la hita.

"Nikaona atatoka anirukie. Nilikuwa na nyuzi mkononi. Nikasukuma. Nikachukua kijiti nikasukuma mpaka ndani kabisa. Nikawa nakuja kukuita, Fundi, wallahi nilikuwa nakuja kukuita, ndiyo wakapiga honi getini. Nilipomwona mwanangu nikasahau kabisa."

"Na kitambaa?"

"Ningeingiaje tena mle ndani kufunga kitambaa? Na panya yumo?"

Nilichukua funguo.

Kwenye pikapu alipiga simu ya binti yake. Haipatikani. Akapiga ya Mzee Mabasi. Haipatikani. Tukapiga ofisi ya kambi ya mlimani walikokwenda kulaza gari, ikaita mpaka ikakata, tukapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Alirudia hivyo njia nzima, simu ya huyu, simu ya yule, ofisi, huyu, yule, na kila yule mwanamke wa kwenye simu alipomwambia ajaribu tena baadaye, alimjibu kwa adabu, "Haya, mama." Nilitamani kuitupa ile simu dirishani.

Njia ya mlimani ni kona tupu. Mvua ilikuwa inapiga kioo, waipa moja imechoka, na mimi naendesha kama kichaa. Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu watu hudhani fundi haogopi kitu. Niliogopa kona, niliogopa ukungu, na zaidi niliogopa kufika. Njiani mtu una matumaini. Ukifika, umefika.

"Huenda hawakuwasha," nikasema.

"Bi mkubwa baridi inamuua miguu," akajibu. "Wamewasha."

"Huenda nyuzi zimedondoka."

"Nilizisukuma kwa kijiti."

Kila mlango wa kutokea niliomfungulia, alikuwa ameshaufunga mwenyewe. Baadaye akaanza kuongea peke yake, kwa sauti ya chini, anamtaja binti yake kwa mambo madogo madogo: sweta gani alivaa, kwamba hakumpa soksi za pili, kwamba alimkaripia getini kwa sababu ya nywele. Nilimwomba anyamaze. Hakunisikia.

Tulilikuta gari-nyumba mwisho wa kambi, peke yake chini ya miti. Mapazia yamefungwa. Hakuna nguo iliyoanikwa, hakuna sufuria nje, hakuna redio, na Mzee Mabasi bila redio ni jambo la kutia shaka hata siku ya kawaida. Jua lilikuwa limeshapanda, watu wa kawaida wameshakunywa chai.

Bi Matundu alifungua mlango wa pikapu, akatoa mguu mmoja nje, akakwama. Alibaki hivyo, nusu ndani nusu nje, ameshika mlango kwa mikono miwili. "Nenda wewe," akaniambia. "Nenda uangalie, unipe ishara. Usiniambie kwa mdomo."

Nilikwenda. Nikagonga. Kimya. Nikagonga kwa kiganja, nikaita jina la kila mtu. Kimya. Nikarudi pikapu kuchukua spana ya magurudumu nivunje kioo, nikampita Bi Matundu bila kumtazama usoni. Nimeshainua spana ndipo nikaona kwamba dirisha ninalotaka kulivunja liko wazi. Na la pili yake liko wazi. Madirisha yote ya upande ule yalikuwa wazi upana wa kiganja, na mapazia yamebanwa yasipeperuke.

Ndani mtu akakohoa, kisha akatukana.

Mlango ulifunguka akatokea Mzee Mabasi. Alikuwa amevaa makoti mawili, amejifunga blanketi kiunoni, na kichwani taulo la kuogea.

"Shikamoo, mzee," nikasema, spana ikiwa bado juu.

"Marahaba. Umekuja kuniua na wewe? Kazi hiyo huyu binti ameshaianza. Katugandisha usiku mzima! Tumepata usingizi jua linachomoza, na wewe unagonga!"

Nyuma yangu nilisikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Bi Matundu alikuwa amekaa kwenye matope, analia kwa mdomo wazi.

Binti yake alitoka mbio, miguu mitupu, kajifunga shuka. Alimwinua mama yake, akampapasa kama wauguzi wanavyompapasa mtu aliyeanguka, akadhani ameugua. Ilichukua muda mpaka mama akaweza kusema neno "bomba".

"Ahaa," binti akasema. "Kwa hiyo kweli uliziba."

Akatueleza. Jioni waliwasha hita. Yeye akatoka nje, akaweka kiganja mbele ya bomba apate joto la moshi. Hakupata joto. Akamulika ndani na simu, hakuona kitu, bomba limepinda. Basi akaizima, akafunga gesi, akafungua madirisha, akamfunika bi mkubwa kwa kila blanketi lililokuwemo, akalala naye kitanda kimoja kumpa joto. Mzee Mabasi alifoka mpaka sauti ikakauka. Walipanga kushuka wakishaamka.

Bi mkubwa mwenyewe alichungulia kutoka kitandani, akatuuliza kama tumekuja na mkate.

"Nani alikufundisha kuweka kiganja?" Bi Matundu akauliza. Alikuwa amemshika binti mkono, hamwachii. "Mimi sikukufundisha."

Binti alimtazama mzee, akanitazama mimi, nadhani alitamani tusiwepo. Kisha akasema kwa upole, "Mama, kila mahali ulipopita wewe, mimi hukagua kabla ya kulala."

"Kwa nini?"

"Unakumbuka chumba chetu cha zamani? Wakati wa baridi tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa ndani. Na wewe ulikuwa unashindilia kitambaa chini ya mlango, panya wasiingie."

"Nakumbuka. Panya wa pale walikuwa na nguvu za watu. Kila asubuhi nakuta kitambaa kimevutwa nje. Nikishindilia zaidi, wanakivuta. Mpaka leo nikiwaza wale panya mwili unanisisimka."

"Hawakuwa panya," binti akasema. "Nilikuwa mimi."

Bi Matundu akamwachia mkono.

"Nilikuwa naamka kichwa kinataka kupasuka. Nakuita, huamki. Siku ya kwanza nilitambaa mpaka mlangoni, nikakivuta kitambaa kwa meno, nikalala mdomo kwenye upenyo. Baada ya hapo kila siku nilikuwa nasubiri usinzie, nakivuta. Nilikuwa naogopa kulala kabla yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa mdogo, mama, sikujua ni nini. Halafu nilipoanza kujua, nilikuona ulivyokuwa unawaogopa wale panya. Nikaona nikikwambia, utaniogopa na mimi."

Mzee Mabasi alivua taulo kichwani.

Nilikwenda kwenye pikapu kuleta koleo refu na glovu za ngozi, maana nyuzi zile zilikuwa zimekwenda mbali, na panya angeweza kuwa bado yupo nyuma yake, mzima au mfu. Niliporudi Bi Matundu alikuwa ameshapiga magoti mbele ya bomba. Nikampa glovu. Hakuzitazama. Aliingiza vidole vitupu, akaendelea kuingiza mpaka kiganja kikakwama. Binti yake alisimama nyuma yake akimtazama, na hakumsaidia; mara hii wa kuzivuta alikuwa mama.