Fizi za Mikayi

Hakuna kitu kilichomkera Filister kuliko sauti ya Mellen akitafuna muwa. Mellen alikuwa na tabia ya kukaa mlangoni kwake jioni, miguu ameinyoosha, anaumenya kwa meno yake mwenyewe kama kisu hakijawahi kutengenezwa, kisha makapi anayatema kando. Mwanamke wa miaka sitini na nane! Nyumba zao zilitazamana, uwanja mmoja katikati, na ule upepo wa kutoka upande wa mbuga ya Ruma ulileta kila kitu, hata kutafuna.

Filister yeye alikuwa ameaga muwa zamani. Ugali aliumeza tu na mchuzi wa omena, dagaa wenyewe akamwachia paka. Meno ya mbele yalikuwa yamelegea, ukiyagusa kwa ulimi yanacheza. Na hayo ndiyo meno ambayo zamani, akiwa msichana Kendu Bay, vijana walimsifu kwa ajili yake, maana alikuwa na mwanya mzuri katikati. Jacktone alimuoa kwa sababu ya kile kicheko. Sasa ule mwanya ulikuwa umepanuka ukawa kama mlango wa zizi, na Filister akicheka anaziba mdomo kwa kitenge.

Yeye ndiye Mikayi wa boma lile pale Magunga. Wajaluo wakisema Mikayi wanamaanisha mke wa kwanza, ambaye nyumba yake inajengwa kwanza, na shamba lake linapandwa kwanza kabla ya mwingine yeyote kuangusha mbegu chini. Alishakuwa na watoto watatu wakati Jacktone alipokwenda Ntimaru kununua maksai wa kulima. Alirudi na maksai wawili na Mellen. Filister hajasahau hata gauni aliyokuwa ameivaa huyo Mkuria siku hiyo, ya kijani, na viatu ameshika mkononi ili visichafuke. Kwa hasira alikataa kumfundisha Kijaluo. Mellen alijifunza mwenyewe sokoni, lakini wao wawili wakabaki wanaongea Kiswahili mpaka leo, Jacktone alishazikwa na wajukuu wameota ndevu.

Hata ugonjwa walipata mmoja. Sukari ilimpata Filister kwanza, na ukimuuliza atakuambia hivyo, kwanza. Baadaye ikampata Mellen. Wakawa wanaenda siku moja kwenye kituo cha afya kupimwa na nesi mmoja, Rael, na kupewa vidonge.

Halafu fizi zikaanza kutoa damu. Filister aliiona kwenye mswaki asubuhi moja, akatema, akaona tena. Kesho yake vilevile. Akafikiri kama mtu mwenye akili timamu anavyofikiri: kitu kinachokutoa damu kila siku unakiacha. Akautupa mswaki juu ya kabati, akawa anasukutua kwa maji ya chumvi basi. Damu ikapungua kidogo, akajipongeza. Harufu ikaanza. Kanisani mama aliyezoea kumnong'oneza habari wakati wa matangazo akahamia benchi la nyuma, na Filister akajua moja kwa moja kwamba Mellen amemsema.

Kumbe Mellen naye alikuwa anatoka damu. Tofauti ni kwamba yeye hakunyamaza. Alipanda gari akaenda Migori, kwa daktari wa meno mmoja kijana anayeitwa Ryoba, ambaye kwao ni Ntimaru, na akarudi mdomo unanukia kama duka la dawa. Jioni ile ile alivuka uwanja, akasimama nje ya mlango wa Filister, akaeleza yote. Kwamba amekwanguliwa meno mpaka chini ya ufizi, kwamba kulikuwa na uchafu mgumu kama chokaa, kwamba daktari amesema mtu wa sukari asicheze na fizi. Mama Dishon, akasema, na wewe uende.

Filister alisikia neno moja tu katika hayo yote: nilienda. Mke mdogo alikuwa ametangulia. Kama aliona njia ya hospitali, si angekuja kwanza kwa Mikayi amwambie twende? Sasa kwenda Migori kungekuwa kukanyaga nyayo za Mellen, na tangu Filister aolewe hajawahi kukanyaga nyayo za mtu katika boma hilo. Akamjibu kwamba fizi zake ziko sawa, asante, na akafunga mlango.

Miezi ikapita. Siku ya kupimwa, Rael akamwambia Mellen sukari yake imeshuka vizuri sana. Ya Filister ikawa imepanda tena, na mwezi uliofuata ikapanda zaidi. Hapo wivu ukamkaba kama mfupa wa samaki. Walipofika nyumbani alimwambia Mellen alete pakiti yake ya dawa. Akazimwaga pakiti zote mbili, ya Mellen na yake, kwenye sinia, akavaa miwani, akalinganisha kidonge kwa kidonge. Vilikuwa sawasawa. Mellen alisimama tu anamtazama. Alipoulizwa nesi anampa nini kingine kwa siri, alisema anampa salamu.

Mwezi wa tatu mvua ya masika ikaanza. Na kabla haijamaliza wiki, Filister akaamka shavu moja limevimba mpaka jicho linafinyika. Usaha ulikuwa unachuruzika pembeni mwa jino, ladha yake hawezi hata kuisema. Akisimama, kizunguzungu. Alikaa mlangoni amejifunga kitenge usoni, anatazama shamba lake ambalo Dishon, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amelilima vizuri likawa linangoja mbegu tu. Dishon akasema atapanda yeye. Filister akakataa. Mkono wa Mikayi si kitu cha kutuma.

Alikuwa na jambo moja moyoni na hakulificha hata kwa nafsi yake: alimngojea Mellen aanze kupanda. Kila asubuhi alitazama upande ule. Amkute na jembe, basi, aite wazee wa ukoo wote waje waone huyu mwanamke alivyongoja maisha yake yote achukue nafasi. Alikuwa na maneno yake tayari.

Majirani wakapanda. Mahindi ya wengine yakachomoza. Mellen hakutoka na jembe. Elvis, mtoto wa Mellen, alisikika akimgombeza mama yake kwamba hayo ni mambo ya kale, hata mchungaji alishasema, mbegu haijui nani aliolewa lini. Jioni Mellen akavuka uwanja, safari hii akaingia ndani bila kubisha.

"Mama Dishon, mvua itaisha."

"Si upande," Filister akasema kwenye kitenge. "Nani amekushika mkono?"

"Mimi? Nipande mimi?" Mellen akavuta kiti. "Mahindi yakikauka utasema ni Mkuria. Ng'ombe akitupa ndama, ni Mkuria. Mjukuu akiumwa kichwa huko Nairobi, ni huyo huyo. Nimekujua miaka mingi. Sipandi, hata nyasi iote mpaka mlangoni."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia nife haraka."

"Nimekuja kukuambia mdomo unaoza na boma lote linangoja mdomo wako. Migori nilikutangulia. Sikukuuliza. Damu ilinitisha nikakimbia. Sasa daktari ameniita nirudi aangalie tena. Twende wote. Mlangoni utaingia wewe, mimi nitakaa kwenye benchi mpaka utoke."

Filister hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba gauni yake ya bluu haijapigwa pasi, na Mellen akaenda kuwasha makaa.

Pale Migori mambo yalitaka kuharibika. Ryoba alifungua mlango, akamwona Mellen, akafurahi, akamwita kwa Kikuria aingie. Filister alijiona amerudi siku ile ya gauni ya kijani. Lakini Mellen alibaki amekaa kama amegandishwa, akamwambia kijana kwa Kiswahili, ili Filister asikie, kwamba mkubwa wake yuko hapa na yeye hawezi kuingia mbele yake. Ryoba akatazama huyu, akatazama yule. Ni Mkuria, na kwao pia wake wengi wapo. Alielewa upesi, akainama kidogo, akasema karibu mama.

Aliupasua uvimbe, akang'oa meno mawili ambayo hayangeokolewa, mengine akasema atayakwangua kidogo kidogo, arudi tena na tena. Alipomuuliza kuhusu mswaki, Filister akamweleza jinsi alivyoikomesha damu. Kijana hakucheka.

"Mama, hukuikomesha, uliifukia. Damu ni ufizi unalia. Ukiacha kusugua, uchafu unajaa, ufizi unaoza, na huo uozo unaifanya sukari ikatae kushuka hata umeze dawa namna gani. Halafu sukari ikipanda, ufizi unaoza zaidi. Yanasukumana. Hata moyo haupendi hali hiyo."

"Kwa hiyo Mellen yake ilishuka kwa sababu ya hili?"

"Hilo lilisaidia. Na vidonge, na chakula. Si dawa moja."

Filister akauma pamba mdomoni. Alikuwa akihesabu miezi ambayo angekuwa amepona, kama tu angeweza kumsikiliza mwanamke aliyesimama mlangoni pake.

Alipanda kabla dawa ya Ryoba haijaisha, kitenge bado usoni, Dishon akichimba mashimo na yeye akiangusha mbegu. Hakuwa amefika hata nusu ya shamba aliposikia majembe ya kina Elvis yakianza nyuma yake. Walikuwa wamechelewa, na mwaka huo mahindi ya boma lile yalikuwa mafupi kuliko ya jirani, pande zote mbili.

Alirudi Migori kama alivyoambiwa. Akanunua mswaki laini, akasugua asubuhi na usiku. Damu ilitoka siku za mwanzo, akaogopa, akaendelea, ikapungua, ikakoma. Kwenye kituo cha afya Rael alitazama kipimo, akatabasamu, akasema imeshuka, mama, tena vizuri.

"Na ya Mellen?"

Rael akasema habari ya mgonjwa mwingine haitoi. Filister akageuka kwenye benchi akamuuliza mwenyewe waziwazi mbele ya watu. Mellen akataja. Ilikuwa chini kuliko yake.

Filister akaitazama namba yake tena kana kwamba huenda imebadilika. Kisha akamwambia Rael, kwa sauti ya Mikayi, kwamba daktari wa Migori amemwambia arudi mwezi ujao, na angependa kujua kama anaweza kwenda wiki mbili mapema.

"Kwa nini mapema, mama? Kuna kinachouma?"

"Hakuna kinachouma," akasema Filister, na akamtazama Mellen. "Nataka tu kumaliza kwanza."