Mahali na Mahari

Kiwanda cha Butali kikianza kusaga miwa, harufu ya molasi iliingia hadi kwenye uji wetu. Siku ya kwanza ilikuwa tamu, halafu ilikaa kooni na kuchosha. Msimu ninaoukumbuka ilichanganyika na harufu ya nyasi zilizoungua, kwa sababu moto wa kuchoma miwa ulirukia kijumba nilicholala na wadogo zangu. Hakuna aliyeumia. Tulihamia jikoni, tukalala kati ya mafiga na kuku, tukiwa na koroboi moja ambayo Mama aliihitaji kupikia. Nilikuwa darasa la nane na mtihani ulikuwa karibu. Nilitaka kitu kimoja tu, mahali pa kusomea, na kwa aibu yangu sikumwambia mtu.

Jirani yetu alikuwa Mzee Makokha, aliyefiwa na mkewe. Yeye na Baba walikuwa maadui tangu trekta yake ilipovuka mpaka na kulima upande wetu. Zamani walitaniana kwa lugha ya nyumbani. Baada ya ugomvi waliiacha, wakawa wanasemezana kwa Kiswahili, lugha ya baraza la chifu, ili kila mmoja ajue kwamba undugu umekwisha. Na Kiswahili chao kilikuwa cha kwetu, ambamo l na r hubadilishana viti zinavyotaka. Baba mwenyewe akitaka ugali aliitisha ugari.

Jioni moja Makokha alikuja akiwa ameshika jogoo miguuni. Kwetu mtu haendi mikono mitupu kwa aliyeunguliwa na nyumba. Lakini jogoo wa namna hiyo hubebwa pia na anayekuja kuulizia msichana.

"Pole kwa moto, Baba Nekesa," alisema akiwa bado amesimama. Nekesa ni mimi. "Nimekuja na neno moja. Huyu msichana wenu, mahari yake iko kwangu."

Baba aliinua kichwa. "Mahari? Ya mtoto wa darasa la nane?"

"Ndiyo, mahari. Si imekaa tu bure tangu mama watoto atuache? Aje leo leo."

Shuleni tulifundishwa kusema mahali pake, na mahari yake. Makokha angesema "pake", jambo lingeisha hapo. Lakini kwetu nje ya darasa hakuna anayesema hivyo. Kila kitu ni yake.

Baba alisimama na panga lake la kukatia miwa. "Toka! Shamba umekula, sasa unataka kula mtoto? Mzee mzima, huna haya!"

Makokha naye akawaka. "Mimi nakuletea mema, wewe unanionyesha panga? Lala kwa majivu yako basi, mjinga wewe!" Akaondoka, jogoo akilia chini ya kwapa lake.

Kuanzia hapo nilikatazwa njia inayopita kwake, nikawa nazunguka mbali kwenda shule. Baba alimtukana kila tulipoketi kula. Makokha naye aliziba mpaka kwa matawi ya miiba. Mwishowe Mama alimkuta kisimani, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Shemeji, hiyo mahari ulisema siku ile ni gani?"

"Si ni chumba tu!" Makokha alisema. "Iko na meza na taa ya sola. Nilisema mtoto asomee huko. Lakini sasa hata mje kwa magoti, hapana."

Mama alilileta neno nyumbani. Baba alichezea kijiti, kisha akasema, "Angesema vizuri. Sasa niende nikamwombe chumba?" Hakwenda. Niliendelea kusoma kwenye moshi, nikiona taa ile ng'ambo ya miiba ikimulika meza tupu. Alama zangu hazikunifikisha sekondari, na masomo yangu yaliishia hapo.

Nimefikiria sana kuhusu masikio ya Baba. Alizaliwa kati ya l na r hizo na kila siku alizipanga mwenyewe bila shida. Siku ile hasira ndiyo iliyompangia. Leo ninauza nguo sokoni Lubao, na mteja akinirushia neno baya, kabla sijamrudishia, nauliza, "Unasema nini, mama?" Wengine huendelea kutukana. Wengine hurudia, na likirudiwa neno huwa tofauti.

Mvua za juzi ziliangusha ukuta wa nyumba ya Makokha. Baba, ambaye sasa anatembea na fimbo, alisimama kwenye miiba kwa muda mrefu. Halafu akaita kwa sauti ya ukali, ileile ya siku zote:

"Makokha! Uko na mahari ya kulala?"

Makokha alitokea ng'ambo ya miiba.

"Mahari gani?" Makokha alijibu, kwa ukali pia. "Sema vizuri."

Na Baba, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, akarudia kwa lugha ya nyumbani.