Mama mukwe alitaka kuzika nyama ya kipimo: yaliyonikuta maternité ya Goma miaka ya hamsini

Wakuu, salamu toka Goma. Mimi ni mama muzee, nimepita themanini, lakini simu naisoma mwenyewe. Haya niliyafanya kwa mikono yangu. Asiyeamini apite tu, sitagombana naye.

Wakati ule nilikuwa msaidizi wa muganga, yaani dokta, kwenye maternité, hospitali ya wazazi. Wasichana wa kwetu wenye ile blouse nyeupe tulikuwa wa kuhesabu. Nilikuwa najidai, siwafichi!

Akaletwa mama mmoja wa Masisi. Damu ilikuwa inamtoka wiki ya tatu, haikatiki.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno. Mama mukwe wake alisema ametoa mimba, na bwana yake alishakubali kumurudisha kwao.

Dokta akamkwangua ndani ya kizazi, akaniachia ile nyama iliyotoka, kwenye sahani, niitie kwenye formol, dawa ya kuzuia isioze, iende kupimwa labo ya Bukavu kwa bateau, meli ya ziwani.

Nikageuka kidogo kumfunika mgonjwa, alikuwa anatetemeka. Kurudi, sahani tupu! Mungu wangu!

Jueni kwamba kwetu kitu kilichotoka tumboni mwa mama hakitupwi. Kinazikwa.

Nikatoka mbio. Nikamkuta mama mukwe, aliyekuja kumuuguza, nyuma ya jikoni ya hospitali, anachimba na kijiti, nyama ameifunga kwenye jani la mugomba. Analia.

Nilikuja na matusi mdomoni. Yaliisha yote. Nikapiga magoti.

"Mama, kama ni mujukuu wako, tutazika pamoja. Acha kwanza waangalie. Karatasi itasema."

"Unaapa?"

"Naapa, mama."

Akanipa lile jani. Nikairudisha mbio, nikaitia kwenye formol.

Majibu yalikawia, wakuu, hata usingizi nilikosa. Yalipofika, dokta akaniambia nisome mimi mbele ya ukoo mzima. Mimi!

Nikasoma Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili: hakuna dalili ya mimba. Hakuna kansa. Ngozi ya ndani ya kizazi ilinenepa kupita kiasi, ndiyo ilileta damu. Ni ugonjwa, na dawa ipo.

Bwana akainamisha kichwa. Mama mukwe akainuka. Aliingia wodini, akakusanya vitambaa vya damu vya muke wa mutoto wake, akaenda kuvifua mwenyewe, mchana, watu wote wakimuona.

Nimezalisha watoto wengi baada ya pale, lakini siku ile ndiyo ninayojivunia.

Dada zangu, damu ikizidi siku zake, nendeni mkapimwe. Na ninyi wanaume, msihukumu mama kabla ya karatasi. Aliyepitia haya asione haya kuandika hapa chini, nitamsoma.