Kifua cha Jemadari

Shemeji yangu alikuwa mgonga mihuri. Nasema hivyo bila dharau, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili, dirisha la nne la ofisi ya leseni: anapokea fomu, anagonga, anasema, "Subiri nje, utaitwa." Alikuwa mpole hadi anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Lakini mara moja kwa mwaka, kwa siku tatu, mtu huyohuyo alipanda jukwaani akawa Jemadari. Kikundi chao cha maigizo kilikuwa na mchezo mmoja wa vita walioucheza kila mwaka bila kuchoka, na mwishoni Jemadari anakufa. Alikufa vizuri, lazima nikiri. Mke wangu, ambaye ni mdogo wake, aliujua mchezo mzima kwa moyo na bado alitoka ukumbini macho mekundu. Jina likamganda. Hata muuza magazeti alimwita Jemadari, naye akiitwa hivyo unaona mabega yanapanda.

Deraya yake, lile vazi la vita la kifuani na mabegani, aliitengeneza mwenyewe kwa karatasi. Alikusanya fomu zilizoharibika ofisini, akazibandika kwa gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, kisha akapaka rangi ya fedha. Kutoka safu ya tatu ungeapa ni chuma. Ukisogea karibu, kwapani unasoma "jina kamili la mwombaji".

Mimi ni fundi wa faiba. Naziba matangi ya maji, naunga bampa zilizopasuka. Kila mwaka nilimtania, "Shemeji, lete hilo boksi lako nikuwekee faiba, ufe kama mwanamume." Naye kila mwaka alicheka akakataa, kwa sababu alitaka iwe kazi ya mikono yake tu.

Mwaka jana ukumbi ulikuwa na joto kali, jasho likalainisha karatasi. Jemadari alipopiga magoti ili afe, kifua kikajikunja katikati na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwongozaji wa kikundi hakucheka. Alimwambia mbele ya watu kwamba akija tena na boksi lile, nafasi anapewa kijana mmoja mrefu aliyekuwa akiishika bendera.

Basi Ijumaa mchana, siku moja kabla ya onyesho la mwaka huu, shemeji aliingia karakanani kwangu amekumbatia deraya. Alikuwa amevaa koti, joto lote lile.

"Leo umeshinda, shemeji," akasema. "Iweke hiyo faiba yako."

"Siku zote hizo ulikuwa wapi? Kitu cha kukauka unaniletea leo?"

"Nisamehe bure. Nilikuwa naifanyia marekebisho."

Niliipokea. Ilikuwa nene kuliko nilivyoikumbuka, hasa kifuani na mabegani, lakini uzito haukuongezeka. Nikaigonga kwa kidole, ikatoa sauti ya kufifia.

"Humu ndani umeweka nini?"

"Karatasi tupu."

"Karatasi tupu?"

"Shemeji, mimi na karatasi tunajuana. Fanya kazi yako."

Hapo nikakasirika. Sipendi kufundishwa kazi ndani ya karakana yangu, tena na mtu wa mihuri. Ningechukua kisu nikatoboa tundu dogo tu, ningejua. Badala yake nikajisemea, haya, yake mwenyewe. Bado najilaumu kwa hilo.

Nikachanganya rezini, ile gundi ya majimaji inayoshikisha faiba. Kwa kuwa siku ilikuwa ya joto, nilipunguza dawa ya kugandisha, ili rezini ipate muda wa kunywewa na karatasi kabla haijakaza. Huo ndio ufundi, na ndio uliotuangamiza. Nilipaka nje kwa brashi, polepole, mpaka rangi ya fedha ikaanza kung'aa. Nilipanga ikishika nigeuze, nilaze nyuzi za faiba kwa ndani. Shemeji alisimama mlangoni akikohoa kwa sababu ya harufu, akitabasamu.

Sikumaliza hata bega la pili. Kifua kilianza kuzama. Hakikupasuka wala kutoa sauti, kilibonyea tu, taratibu, kisha bega nalo likashuka. Nikaingiza mkono chini kuinua, vidole vikapita kwenye karatasi vikatoka na utelezi mweupe unaovutika.

Niliujua utelezi ule. Kuna ile plastiki nyeupe, nyepesi, ya chengachenga, inayowekwa kwenye boksi la televisheni isivunjike. Rezini yangu huila kama maji yanavyokula sukari. Kila fundi wa faiba anajua. Mgonga mihuri atajulia wapi?

"Umeweka plastiki ya televisheni!" nikafoka. "Nimekuuliza, ukanijibu nini?"

Nilijaribu kukiinua kifua kwa vijiti, kwa matambara, kwa mikono yote miwili. Karatasi iliyolowa ilizama tena vilevile. Rezini nayo ikapata moto, ikashika. Baada ya saa moja ilikuwa imekaza kama jiwe, kifua kimebonyea ndani kama cha mtu aliyepigwa ngumi.

Mke wangu alikuja na chai, akaikuta deraya imelala juu ya meza, nikamweleza habari ya plastiki. Akaitazama, kisha akamtazama kaka yake aliyekuwa bado amevaa koti.

"Kaka, hiyo plastiki ulijazia nini?"

"Deraya ilikuwa inanizunguka mwilini," akasema. "Nikaijenga upya kwa umbo langu la sasa, halafu juu yake nikajaza ile plastiki, ili nionekane vilevile."

"Kwa nini?"

Akavua koti. Ndani ya shati hamkuwa na mtu wa kutosha. Sikuwahi kuona mifupa ya bega ya shemeji yangu, na sasa niliiona yote. Mke wangu akaweka birika chini, akakosea meza, chai ikamwagika sakafuni. Hakuna aliyeinama kupangusa.

"Daktari aliniambia tangu mwezi wa tatu," akasema. "Nikafikiri, nikifa jukwaani mara moja tena kwa heshima, kifo hiki kingine kitanikuta nimeshazoea."

Aliichukua deraya, akaingiza kichwa, akaishusha. Sikumsaidia. Ilimkaa sawasawa. Kifua kilichobonyea kililala juu ya kifua chake kilichobonyea, bega juu ya bega, bila nafasi hata ya kupitisha kadi. Katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kutoa kitu kilichomkaa mteja vile.

"Nzuri," akasema, akaigonga kwa kidole. "Sasa ni ngumu kweli."

Kisha akaomba simu yangu, akampigia mwongozaji, akamwambia ampe yule kijana wa bendera nafasi. Alimwomba radhi kwa kumsumbua.

Jumamosi tulikaa naye safu ya tatu. Kijana alivaa bati, akapaza sauti, akafa ovyo. Shemeji midomo ilikuwa ikicheza kila neno, na pale pa kufa alifumba macho. Watu walipopiga makofi, naye alipiga.

Deraya aliondoka nayo. Kila Jumapili tulipokwenda kumtazama aliomba tumvalishe, akae nayo kitandani kidogo, nasi tulimvalisha. Kabla mwezi haujaisha ilikuwa imeshampwaya.