Kitabu Kilichochanika Mwisho

Mama yangu alisoma shule ya msingi hukuhuku Kibosho. Utotoni mwetu alitusimulia mara nyingi hadithi aliyoisoma kwenye kitabu cha darasani, ya mfinyanzi aliyeondoka kijijini kwao kumtafuta dada yake. Mwishoni alimkuta sokoni akiuza vyungu, wakarudi nyumbani pamoja. Nilikua nikiamini ndivyo ilivyoandikwa.

Mwaka jana mwenzangu wa kazini, Moshi mjini, alinionyesha kwenye simu maktaba ya taifa ya mtandaoni, ambamo mtu yeyote anasoma vitabu bure. Jumamosi nilipopanda nyumbani Kibosho nikamweleza mama, tukiwa upenuni tunachambua kahawa. Nilidhani ataulizia vitabu vya dini. Aliuliza kama vitabu vya zamani vya shule vimo. Ndipo akaniambia kwamba kitabu chao kilikuwa kimechanika kurasa za mwisho, na mwisho ule tuliousikia aliutunga mwenyewe.

Jina la kitabu alishalisahau. Chini ya migomba mtandao ulikuwa unakatikakatika, kwa hiyo tulitoka hadi barabarani, tukakaa kwenye ukuta wa mawe karibu na kanisa. Niliandika "mfinyanzi", yakaja mafunzo ya ufinyanzi. Nikaandika "dada aliyepotea", hakikuja kitu. Mama akasema nijaribu "chungu", maana anakumbuka chungu chekundu kwenye jalada. Vikaja vitabu vya mapishi, na katikati yake kimoja chenye jalada lililopauka.

"Hicho," alisema. "Fungua hicho."

Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, akaniomba nimsomee kuanzia pale mfinyanzi anapovuka mto, maana hapo ndipo walipoishia darasani. Nilisoma kwa sauti. Waliopita barabarani walimpa mama shikamoo, naye aliitikia bila kugeuza kichwa. Mfinyanzi alifika mjini, akaelekezwa nyumba ya dada yake. Dada alimkaribisha, akampikia, akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba harudi. Alikuwa ameshazoea maisha yake huko, na aliyapenda. Mfinyanzi akarudi peke yake.

Nilimtazama mama nikihofia nimemharibia hadithi yake. Alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, anawaza.

"Nilimwonea yule dada," alisema. "Miaka yote hiyo namrudisha nyumbani, na sikuwahi kumuuliza kama anataka."

Akanitaka nirudie ukurasa ule dada anapozungumza. Nilirudia. Kisha akaniuliza, kama mtu aliyeonyeshwa mlango asioujua ndani ya nyumba yake, kuna nini kingine humo.

Wiki iliyofuata alishuka Moshi, tukaenda pamoja kupima macho. Sasa ana miwani, na simu yangu ya zamani ni yake. Kwa sasa yumo kwenye kitabu cha ufugaji wa nyuki, ingawa hatujawahi kuwa na mzinga hata mmoja. Nimemuuliza anatafuta nini humo. Anasema nimwache asome.