Mjomba na Shairi la Chupa ya Dawa

Mdogo wangu wa kiume anafundisha fasihi sekondari, na sijui kama yeye na hiyo fasihi wameshawahi kukaa meza moja. Mungu anisamehe, ni damu yangu. Wanafunzi wamembandika jina la Mzee Tanzu, maana kila darasa jipya likiingia, somo la kwanza ni tanzu za fasihi, na la mwisho pia.

Sebuleni kwake kuna kabati la kioo lililojaa vitabu. Vingine havijavuliwa hata nailoni vilizokuja nazo. Kila Jumamosi huvipangusa vumbi, kisha hufunga kabati kwa ufunguo.

"Vitabu vikishikwashikwa vinaharibika, dada," huniambia.

Basi vyake vitatuzika sote.

Binti yangu, kitindamimba, yuko darasani kwake. Nyumbani anamwita mjomba, shuleni Mwalimu. Ndiye aliyenisimulia jinsi somo lenyewe linavyokwenda.

"Msihangaike kusoma," Mzee Tanzu huwaambia. "Angalieni sura ya ukurasa. Mistari ikifika ukingoni, hiyo hadithi. Ikiwa mifupi, shairi. Mkiona jina la mtu na nukta mbili, tamthilia hiyo."

"Na riwaya, Mwalimu?"

"Riwaya ni hadithi iliyonenepa."

Watoto wakaandika hivyo hivyo madaftarini. Serikali inamlipa mshahara kwa hayo.

Ikakaribia siku ya wazazi. Mwanafunzi mmoja angechaguliwa asome shairi lake mbele ya watu, na binti yangu aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anakula huku midomo inahesabu mizani. Alitunga juu ya cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo, na yeye amelelewa na mlio wa hicho chombo. Akaandika kwenye mabaki ya karatasi ninazokatia vipimo, na kwa kubana nafasi akajaza mistari mpaka ukingoni.

Mjomba wake alipokuja kunywa chai, akampa hiyo karatasi. Akaishika mbali na macho, kama mtu anayetazama picha ya pasipoti.

"Hii insha," akasema.

"Mjomba, ina vina. Isome kwa sauti."

"Shairi halisomwi, mwanangu. Linatambuliwa."

Akairudisha, akaongeza sukari. Mtoto aliingia chumbani, na kilio chake nilikisikia cherehani ikiwa inazunguka.

Keshoye, mjomba alipopita tena, mtoto akamkabidhi karatasi nyingine, safi, mistari mifupi kama meno ya kitana. Mzee Tanzu uso ukamchanua. "Sasa hili ndilo shairi! Shairi huru! Utalisoma wewe."

Mimi nikachungulia begani kwake. Nikaona: *Tikisa vizuri / kabla ya kutumia. / Weka mbali / na watoto.* Nikageuka kutazama chupa yangu ya dawa ya kikohozi pale dirishani. Binti yangu alikuwa anatazama sakafu kwa adabu nyingi mno. Nilipaswa kusema. Nikamwomba Mungu anipe ulimi, hakunipa, nikashukuru.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa wazazi, mkuu wa shule kakaa mbele. Binti yangu akapanda, akampa mjomba wake ile karatasi. "Shika wewe, Mwalimu. Mimi nimelihifadhi." Akavuta pumzi.

*Cherehani yake mama, kila kukicha yalia,*
*Haijui kulalama, uzi ukiishilia…*

Akaenda nalo mpaka ubeti wa mwisho, na mama mmoja nyuma yangu akavuta kamasi. Na mdogo wangu je? Kidole kilikuwa kinatambaa juu ya karatasi, mstari kwa mstari, kichwa kinaitikia. Makofi yalipokwisha akasimama kulichambua.

"Wazazi, mmesikia? 'Tikisa vizuri.' Mtunzi anataka jamii itikiswe, iamke! Kisha, 'weka mbali na watoto.' Hapo anatuasa juu ya maovu…"

Watu wakatazamana.

"Mwalimu," mkuu wa shule akauliza taratibu, "hayo ya kutikisa yako wapi? Sisi tumesikia cherehani."

Mzee Tanzu akaigeuza karatasi kutazama nyuma, labda cherehani iko huko.

"Jamani!" mama muuza dawa akadakia. "Hiyo si dawa ya kikohozi? Naiuza dukani kwangu!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Nilijiziba mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalinisaliti.

Tukarudi nyumbani watatu, yeye mbele, tai imelegea.

"Dada, mwanao amechanganya tanzu," akanung'unika.

"Kwani mjomba," binti yangu akamuuliza, bila kejeli hata chembe, "lile la cherehani ni utanzu gani?"

Mdogo wangu akasimama, akafikiri sana.

"Nitajuaje?" akasema. "Sijaona limeandikwaje."